Nani achuje barua zetu: seva ya wote ao kila mtu kwake?

Banki za Goma zilifunga milango mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Tangu siku zile, kwa familia nyingi za Rutshuru, Kiwanja na Rubare, telefone njo imekuwa banki, njo posta, njo ofisi. Kijana aliye kwenye machimbo ya Rubaya ao ya Walikale anatuma feza nyumbani kwa telefone. Negosianti anauliza bei ya siku kwa telefone. Koperative inaandikiana na mnunuzi wa ng'ambo kwa imeli, na ile imeli inafunguliwa kwenye telefone ileile ambayo mama anapokelea pesa ya unga. Kwa mlango uleule mmoja wanaingia pia waongo na wezi.

Kila mtu anazijua mesaje zao. "Umeshinda zawadi, piga namba hii." "Nimekosea namba, nirudishie feza yangu." "Konti yako inafungwa leo, bonyeza hapa." Kwa upande wa imeli, mtu asiyejulikana anauza dhahabu kilo mia kwa nusu ya bei, ao anasema ana urithi wa mamilioni na anatafuta mtu mwaminifu wa kumsaidia. Wafaransa wanaita vitu hivi spam ao courrier indésirable. Sisi tuseme barua taka.

Sasa, kila koperative, shule, hospitali ao komptwari inapojipatia anwani zake za imeli, fundi wa ordinatere anakuja na swali moja. Chujio la barua taka tuliweke wapi? Tuliweke kwenye seva, ile mashine inayopokea barua za watu wote, ili chujio moja lihukumu kwa niaba ya wote? Ao kila mtu awe na chujio lake, aamue mwenyewe nini ni taka na nini ni mali? Mara nyingi wakubwa wanajibu: "Fundi, fanya unavyoona." Sisi tunasema hapana. Jibu la swali hili linaweza kukufanya upoteze mnunuzi ao kuibiwa akiba ya mwaka mzima. Na mchimbaji wa Kivu ya Kaskazini iko na sababu yake ya pekee ya kuliangalia.

Maneno yetu na maneno ya wezi ni yaleyale

Chujio linajuaje kama barua ni taka? Njia moja ni kuhesabu maneno. Mwaka 2002, mwezi wa 8, mwanaprogramu mmoja wa Marekani, Paul Graham, alitoa maelezo ya njia hiyo, na watu wengi wakaifuata. Alichukua barua taka kama 4.000 na barua nzuri kama 4.000, akaiachia programu ihesabu kila neno linatokea mara ngapi upande huu na upande ule. Neno linalopatikana karibu kila siku kwenye taka linapata alama mbaya. Neno linalopatikana kwenye barua za rafiki na za kazi linapata alama nzuri. Barua mpya ikifika, programu inapima maneno yake, kisha inatoa hukumu.

Graham alisisitiza jambo moja: hesabu hiyo inafaa zaidi kama kila mtu anafanyiwa yake, kwa barua zake mwenyewe. Juu ya nini? Juu neno lililo taka kwa mtu mmoja ni kazi ya kila siku kwa mwingine.

Chukueni maneno haya: dhahabu, kilo, dola, Congo, Goma, malipo ya kwanza, haraka. Kwa daktari wa meno wa kule Lyon, barua yenye maneno hayo yote pamoja ni ya mwizi, na chujio lake litakuwa na haki ya kuitupa. Kwa mtu wa komptwari hapa Goma, barua yenye maneno hayo yote ni kazi ya siku ya kwanza ya juma. Na kama chujio lilijifunza kwa barua za watu wa Lyon, ao za watu wa Kinshasa wasiogusa madini hata kidogo, litamhukumu mtu wetu kama mwizi hata kabla hajasomwa. Mnunuzi atangoja jibu, hataliona, ataenda kwa mwingine. Mwenye kuandika atafikiri amedharauliwa. Kumbe barua imelala kwenye taka.

Hatusemi kama machujio ya ng'ambo yanatuonea bure. Wezi wametumia jina la Congo na jina la dhahabu miaka mingi. Mwezi wa 2 mwaka 2011, ndege ya kukodi iliyotoka ng'ambo ilizuiliwa hapa kwenye uwanja wa ndege wa Goma katika biashara ya dhahabu ya mamilioni ya dola, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza habari hiyo katika ripoti yao ya mwisho wa mwaka uleule. Huko Nigeria, kifungu cha 419 cha sheria ya makosa ya jinai kimekuwa jina la wizi wa aina hii dunia nzima. Basi chujio linaogopa kwa sababu. Lakini hasara ya woga wake inamwangukia mtu aliye mwaminifu.

Kuna pia machujio yasiyoangalia maneno hata moja. Yanaangalia barua imetoka wapi. Tangu miaka ya 1990 kuna orodha za seva zenye sifa mbaya, na seva nyingine zinakataa chochote kinachotoka kwenye orodha hizo. Mtu mmoja akituma taka kutoka siber moja, wote wanaotumia mtandao uleule wanaweza kufungiwa mlango pamoja naye. Hata matajiri yamewapata. Mwisho wa mwaka 2004, kampuni ya Marekani Verizon ilianza kuzuia barua nyingi zilizotoka Ulaya ili kupigana na taka. Wateja wake, waliokuwa wanangoja barua za jamaa na za kazi, waliipeleka mahakamani, na mwaka 2006 kampuni ikakubali kulipa fidia. Kama Ulaya nzima iliweza kufungiwa mlango namna ile, tusishangae kama barua ya koperative ya Kivu inapotea njiani.

Kwa nini tena chujio la wote linapendwa

Pamoja na hayo, chujio la wote iko na faida kubwa, na asiyezikubali anadanganya.

Kwanza, barua iliyozuiliwa kwenye seva haifiki kwenye telefone, haimalizi mega za mtu. Mahali ambapo watu wananunua mega za siku moja kwa feza ya kuhesabu, hilo si jambo dogo.

Pili, fundi mmoja anatosha. Koperative yenye anwani ishirini haiwezi kumfundisha kila mtu kupanga chujio lake. Wengine wako shimoni toka asubuhi, wengine wanashinda barabarani na mifuko.

Tatu, chujio la wote linaona mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuona. Barua moja ikifika kwa watu 500 dakika moja, na wote hawamjui aliyeituma, seva inaelewa mara moja kama kuna kitu. Mimi na wewe, kila mtu kwake, tunaona barua moja tu, na kila mmoja anafikiri ameandikiwa yeye.

Nne, na hii njo kubwa: chujio la wote linalinda asiyeweza kujilinda. Mama asiyesoma Kifaransa, mzee aliyepewa telefone na mtoto wake juzi, kijana aliyeshika smartphone kwa mara ya kwanza baada ya kuuza kilo zake za kwanza. Ukisema "kila mtu achuje mwenyewe," hawa umewaacha mlango wazi.

Barua moja, watu watatu

Kuna ugumu mmoja ambao mafundi wanaujua na wakubwa hawaambiwi. Tuueleze polepole.

Seva inapopokea barua, mambo yanaenda kwa hatua. Anayetuma anabisha hodi. Anataja jina lake. Anataja majina ya wale anaowaandikia, mmoja mmoja, na kwa kila jina seva inaweza kujibu "ndiyo" ao "hapana". Kisha anatoa barua yenyewe. Baada ya barua kutolewa, seva inajibu mara moja tu, jibu moja kwa wote: nimeipokea ao nimeikataa.

Sasa fikirini barua moja imeandikwa kwa watu watatu wa koperative: président, sekretere na mtunza feza. Président amesema hataki matangazo yoyote. Mtunza feza anataka kuona kila kitu, hata matangazo, juu ndani yake anapata bei. Sekretere hajapanga chochote. Barua imetolewa, na seva imeisoma: ni tangazo. Ijibu nini? Ikikataa, mtunza feza anakosa barua aliyoitaka. Ikipokea, président anapata ile asiyoitaka.

Wengine wanasema: ipokee kwa wote, halafu kwa président uitupe kimya. Hapo njo hatari. Aliyetuma ameambiwa "nimeipokea", na président hajui kama kuna kitu kilikuja. Barua imekufa bila kilio. Wengine wanasema: ipokee, halafu uandike barua ya kumrudishia aliyetuma, umwambie imekataliwa. Lakini wezi hawatumii majina yao. Wanaandika jina la mtu mwingine nje ya bahasha. Barua yako ya kukataa inaenda kwa mtu asiyekuwa na hatia, na ikiwa wezi wametuma mia, yule mtu anapata mia. Unapigana na taka kwa kutengeneza taka nyingine.

Jibu lililo salama ni hili: kama seva inataka kukataa, ikatae palepale mlangoni, wakati mwenye kutuma angali amesimama, ili kama ni mtu wa kweli ajue na atafute njia nyingine, apige hata simu. Na kama imekwisha kupokea, isitupe tena. Iweke pembeni, kwenye kisanduku cha taka cha kila mtu, na mwenyewe aende kuangalia. Hapo chujio la wote na chujio la kila mtu yanaweza kuishi nyumba moja: mlango ni wa wote, kisanduku ni cha kila mtu.

Tuliona chujio la wote likizidi

Katika nchi hii tuna kumbukumbu ya kutufundisha. Uchaguzi ulifanyika tarehe 28 mwezi wa 11, 2011. Tarehe 3 mwezi wa 12, serikali iliagiza kampuni za telefone zifunge SMS nchi nzima. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama: mesaje za matokeo ya uongo na za kuchochea watu. Kwa zaidi ya majuma matatu hakuna SMS hata moja iliyopita, ya uongo wala ya kweli. Viziwi, ambao SMS kwao njo sauti, walikatiwa maneno. Mchimbaji aliyekuwa anauliza bei, mama aliyekuwa anauliza kama mtoto amefika, wote walihesabiwa pamoja na wachochezi. Mwezi wa 1 mwaka 2015 na mwisho wa mwaka 2018 mambo ya namna ile yalirudi kwa intaneti.

Hatusemi kama fundi anayepanga seva ya koperative ni serikali. Tunasema kama mantiki ni ileile. Chujio la wote, matundu yake yakifungwa sana, linazuia mchanga pamoja na dhahabu. Na aliyelifunga si yule anayelipia hasara. Ndiyo maana kila chujio la wote linahitaji mtu anayeweza kuulizwa: umezuia nini, kwa sababu gani, na lini utaachia?

Lebo kwenye mfuko

Kuna kitu ambacho chujio la wote linaweza kukifanya vizuri bila kumwonea mtu: kuhakikisha jina. Wachimbaji wanaelewa hili kuliko watu wengi.

Mfuko wa koltani ao wa kasiterite unafungwa lebo yenye namba. Lebo haisemi kama madini ni mazuri. Inasema mfuko umetoka wapi, ili anayeupokea aweze kuuliza. Mfuko usiokuwa na lebo, komptwari inauogopa. Imeli iko na lebo zake pia. Seva ya koperative inaweza kutangaza kwa dunia nzima: "Barua zenye jina letu zinatoka kwenye mashine hizi tu, na zina muhuri huu." Mafundi wanaita alama hizo SPF, DKIM na DMARC, yatosha kujua majina ili umuulize fundi kama amezipanga.

Tangu mwezi wa 2 mwaka 2024, Google imezitaka. Anayetuma kwenda Gmail barua zaidi ya 5.000 kwa siku anatakiwa kuwa na zote tatu, na hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na moja kati ya zile mbili za kwanza. Koperative nyingi zilifunguliwa anwani yenye jina lao na fundi aliyekwisha kuondoka, na lebo hazikupangwa. Barua zao zinaenda kwenye taka kwa wanunuzi, nao wanalaumu réseau ya hapa kwetu.

Lakini tusiamini lebo kupita kiasi. Wote tunajua kama lebo inaweza kufungwa kwenye mfuko ambao haukutoka mahali palipoandikwa. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti nzima juu ya jambo hilo. Kwa imeli ni vilevile: mwizi anaweza kununua jina lake halali, akalipangia lebo zote, akatuma uongo wenye muhuri safi. Lebo inamzuia mtu kujiita jina lako. Haimzuii kuwa mwongo kwa jina lake mwenyewe.

Na kila mtu kwake, mambo yanaendaje?

Tuangalie upande mwingine kwa haki ileile. Mfano ulio karibu nasi ni WhatsApp. Tangu 2016, mesaje za WhatsApp zimefungwa toka telefone hadi telefone, hata seva yake haiwezi kusoma ndani. Basi haiwezi kuhesabu maneno kama tulivyoeleza. Kila mtu njo mchujaji: anafunga namba asiyoitaka, anashitaki namba mbaya, anatoka kwenye groupe. Kampuni yenyewe inapunguza mwendo tu: tangu mwezi wa 1 mwaka 2019 mesaje inaweza kupelekwa mbele kwa watu ao magroupe matano mara moja, na tangu mwezi wa 4 mwaka 2020, ile iliyokwisha kuzunguka sana inapelekwa kwa mmoja tu kila mara.

Uhuru huo ni mzuri, siri inalindwa. Lakini tunaona pia matokeo. Habari ya uongo juu ya bei, juu ya barabara, juu ya nani ameingia kijiji gani, inazunguka magroupe ya Rutshuru asubuhi nzima mbele mtu hajauliza imetoka wapi. Kila mtu ni mchujaji, na kila mtu anangoja mwingine achuje.

Kuna jambo la pili. Mafundi wanaposema "kila mtumiaji", wanafikiri mtu mmoja, telefone moja, anwani moja. Kwetu si hivyo. Telefone moja inahudumia nyumba. Anwani moja ya imeli inahudumia koperative yenye wachimbaji mamia, na anaifungua sekretere peke yake, siku akipanda kwenda mjini. Kwa hiyo chujio "la kila mtu" kumbe ni chujio la sekretere. Akibonyeza "taka" kwenye barua za mnunuzi fulani kwa sababu amegombana naye, chujio linajifunza, na mnunuzi yule anapotea kwa wachimbaji wote. Hakuna aliyepiga kura.

Jambo la tatu ni muda. Gmail inafuta vilivyo kwenye kisanduku cha taka baada ya siku 30. Mtu wa mjini hana shida. Lakini mtu aliyepanda machimboni mahali pasipo réseau, akakaa majuma sita, akirudi atakuta barua yake ya kweli iliyoangukia taka imekwisha kufutwa. Barua ya masomo ya mtoto kule Kampala, jibu la mnunuzi, mwito wa ofisi yenye tarehe: hakuna tena wa kuuliza.

Jirani zetu wanafanyaje

Jirani zetu wa mashariki wamejaribu njia iliyo katikati, na kwa SMS. Tanzania ilisumbuliwa sana na ile mesaje ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliweka namba 15040: ukipata mesaje ya namna ile, unaipeleka kule pamoja na namba iliyoituma. Kenya, wateja wa Safaricom wanapeleka kwenye namba 333. Ndiyo kusema mtu mmoja mmoja anatoa ushahidi, na kampuni inafunga namba kwa ajili ya wote.

Tunapenda njia hiyo kwa sababu mbili. Hukumu inatoka kwa watu waliopokea barua yenyewe. Fundi wa mbali hakisii maneno tu. Na kinachofungwa ni namba ya mwizi, neno halifungwi. Mtu anayeuza dhahabu kwa haki hapotezi chochote kwa sababu mwizi naye anasema "dhahabu".

Kwetu, kampuni za telefone zina namba za kuwaita kwa ajili ya wizi wa mobile money, lakini waulizeni watu kumi sokoni Kiwanja kama wanazijua. Namba ya kushitaki isiyojulikana ni kama chujio lililofungiwa kwenye depot. Kwa hiyo kampuni ziziandike namba hizo kwenye kila kabine, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Basi tupange namna gani?

Msimamo wetu ni huu. Seva ya wote ikatae yale tu ambayo kila mtu angeyakataa: virusi, jina la kughushi, seva iliyothibitishwa kuwa ya wezi. Na ikatae mlangoni, kwa sauti, ili mtumaji wa kweli ajue. Yale mengine yote, matangazo, barua zenye maneno ya mashaka, wageni wasiojulikana, seva iyaandike alama na kuyaweka pembeni. Hukumu ya mwisho iwe ya mwenye barua. Seva isimtupie mtu barua yake kwa siri.

Kwa koperative, hii inadai mambo machache. Mbele ya kulipa fundi, mwambieni aandike kwenye karatasi nini kinakataliwa, nini kinawekwa pembeni, na kinakaa siku ngapi. Kama inawezekana, siku zizidi muda ambao watu wenu wanakaa machimboni. Kisanduku cha taka kifunguliwe kila juma na watu wawili, sekretere na mwingine aliyechaguliwa na wachimbaji. Barua ya kweli ikikutwa pale, mbonyeze "si taka": chujio linajifunza kwa namna ileile, na kesho litakosea kidogo. Wanunuzi mnaowajua, andikeni anwani zao kwenye majina ya konti, ili zisizuiliwe hovyo. Na mnunuzi akinyamaza juma zima, mpigieni simu mbele ya kusema amewadharau.

Kwa nyumba, aliyesoma kidogo amwonyeshe asiyesoma. Kwenye telefone ya Kifaransa kisanduku kimeandikwa "Spam" ao "Indésirables". Mwonyesheni mama mahali kilipo. Mwambieni pia kama kuingia pale si kuamini kila kilicho pale. Unatafuta jina unalolijua, mengine unayaacha yalale. Usibonyeze kitu ndani yake.

Na kuna kitu ambacho chujio lolote, la wote ao la mmoja, halitakiona kamwe: sauti ya mtu anayepiga simu jioni, anayejua jina la mtoto wako, anayesema mtoto amepata accident machimboni, tuma feza sasa hivi ya hospitali. Hapo hakuna seva. Kata ile simu, piga namba ya mtoto mwenyewe, ao ya mwenzake wa shimo, ao ya PDG wake. Namba ya siri ya mobile money haitajwi kwa mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni. Kampuni haiulizi namba ya siri.

Ndugu wasomaji, mtu akija kuwawekea chujio, muulizeni hili mbele ya mambo yote: barua ikizuiliwa, nani atajua? Kama jibu lake ni "hakuna mtu", mrudisheni afanye kazi upya.